Sentensi Kumi za Kweli

Kampala, Nateete
7 Januari 2024

Kwa mjomba wangu, Mwalimu Massoudi,

Assalaam alaykum. Huku sisi ni wazima. Anouar ameota ndevu tatu na kila asubuhi anazichana kama mtu mwenye kazi kubwa. Assia ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa hawezi hata kulitaja jina lako bila kupuliza upepo. Mimi mgongo unaniuma kwa kusimama darasani, lakini wewe ndiye uliyetuambia kwamba mwalimu anayeketi ameshastaafu. Miguu yako je? Moubarak, shoferi wa basi anayekuletea barua hii, amenieleza kwamba imevimba hata viatu vya kamba huvivai tena. Ungekubali simu ningekuuliza kila siku. Basi, karatasi tumeizoea.

Nina ombi. Shule imenipa kazi ya kutunga kitabu kidogo cha Kiingereza kwa darasa la saba. Wanafunzi wengi ni watoto wa kwetu Burundi, na wengine wametoka Kongo mwaka huu tu. Shida yao ni ileile iliyokuwa yetu: wanachanganya jambo mtu analolifanya sasa hivi na jambo analolifanya siku zote, maana Kiswahili chetu cha nyumbani kinayavika yote mawili nguo moja, na Kifaransa vilevile.

Nikakumbuka ulivyotufundisha present simple. Kanuni hukutupa kwanza. Ulitupeleka mpaka langoni mwa shule ukatuuliza ni nani atapita pale. Tukasema atapita mama wa ndizi, tena muadhini na baiskeli yake, tena gari la mikate. Wakapita kweli, mmoja baada ya mwingine, na sisi tukapiga makofi. Ukasema: "Kitu unachoweza kusimama njiani ukakisubiri, nacho kikaja, hicho ndicho present simple." Kisha ukatutuma nyumbani tuandike sentensi kumi kuhusu mtu mmoja wa nyumba yetu. Ulisema si za kitabuni, bali za kweli. Karatasi iliyo bora ilikaa ukutani wiki nzima. Yangu ilibandikwa mara moja, sikumbuki hata niliandika kuhusu nani, nadhani mama.

Kitabu changu nataka kianze hivyo, na jina lako liandikwe chini ya somo. Naomba ruhusa yako.

Nina neno jingine, nalo silipendi. Moubarak anasema uji unaokunywa asubuhi unapikwa na Marguerite, mke wa Mugisho. Nilidhani ananitania. Mugisho huyo aliyemuuza baba yangu? Tafadhali niambie kwamba Moubarak amekosea nyumba.

Mpwa wako,
Fadhila

*

Bujumbura, Buyenzi
19 Februari 2024

Fadhila mwanangu,

Wa alaykumu ssalaam. Barua yako imenifikia imechoka kuliko mimi. Mpaka wa Rwanda umefungwa, kwa hiyo Moubarak sasa anazungukia Tanzania, naye anaapa kwamba matako yake yamebadilika umbo. Hapa petroli haipatikani, magari yanalala kwenye foleni na wenyewe wanalala ndani yake. Paa la msikiti limetengenezwa. Miguu ni kama ulivyoambiwa. Consolate, muuguzi wa zahanati, anaibonyeza kwa kidole kisha anatazama kishimo kilichobaki, wala hasemi kitu. Mpe Assia salamu zangu, mwambie meno yatarudi.

Ruhusa sikupi.

Nimesoma kwamba unataka kuianzisha tena njia ile, na chai yangu imepoa nikiwa na hasira. Nani amekwambia ilikuwa njia nzuri? Ilikuwa njia ya mtu mwenye majivuno ya chaki. Kwa haki ipi mwalimu anamtuma mtoto nyumbani awachungulie wazazi wake kwa kalamu? Kanuni ya wakati ule inaeleweka bila kuingia chumbani kwa watu. Jua huchomoza mashariki. Maji huchemka. Ng'ombe hula majani. Andika hayo, yamewatosha Waingereza wenyewe miaka mingi. Jua halina siri, wala ng'ombe hana adui. Herufi s ya nafsi ya tatu, ambayo watoto wetu huisahau, itakaa kwa ng'ombe sawasawa kama ilivyokaa kwa baba wa mtu.

Jina langu usiliweke. Ukiliweka nitamwandikia mkuu wako wa shule, kwa Kiingereza, na huko hakuna atakayenisahihisha.

Kuhusu uji, Moubarak hakukosea nyumba. Maji ya ziwa yalipopanda, Mugisho aliihama Kajaga, na huu ni mwaka wa tatu amepanga ng'ambo ya barabara yangu. Marguerite aliniona sina mtu akaleta uji, kesho yake akaleta tena. Mzee wa miaka themanini na mitatu hachagui mkono unaomshikia kijiko. Hayo tuyaache.

Mjomba wako,
Massoudi

*

Kampala
17 Machi 2024

Mjomba,

Ramadhani karim. Najua Consolate amekukataza kufunga, na najua unafunga kwa siri. Huku tunafuturu uji wa mchele na sambusa za jirani. Anouar amefunga siku zote mpaka leo, Assia anafunga mpaka saa nne asubuhi kisha anaomba asamehewe.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili ilinikera zaidi. Nimewajaribu wanafunzi wangu kwa ng'ombe wako. Nusu ya darasa ilisinzia. Msichana mmoja, Médiatrice, ambaye mwaka jana alivuka mpaka kwa miguu, akaniambia: "Madamu, mi sijawahi kuwa na ng'ombe." Nikawapa sentensi kumi za kweli. Médiatrice huyohuyo akaandika kuhusu bibi yake anayehesabu wajukuu kila jioni na kuwataja hata wasiokuwepo. Akaisoma mbele ya darasa, na tangu alipoisoma hakuna aliyeisahau s. Njia hiyo nimeipata kwako, na leo wewe unaitukana. Nini kimekupata?

Sasa uji. Unaniambia tuyaache, kana kwamba nimekuuliza habari za mvua. Hebu nikukumbushe, pengine uzee umekusahaulisha. Mwaka 1995, mji ulipokatika vipande na mtu wa mtaa huu akawa hakanyagi mtaa ule, baba yangu Radjabu alikuwa na kamioneti, gari dogo la kubebea makaa. Chini ya magunia alikuwa akiwaficha watu, wa kila kabila, waliokuwa wakitafutwa wauawe. Aliwatoa Musaga na kwingineko akawafikisha Kajaga ufukweni, wakavushwa ziwa kwenda Uvira, upande wa Kongo. Jumanne moja alikuta watu wanamsubiri njiani. Hatukupata hata mwili wa kuosha. Njia ile aliijua mtu mmoja tu mwingine, Mugisho, fundi aliyepakia naye magunia. Matangani avenyu nzima, nyumba zote za barabara yetu, ilisema hivyo, na wewe ulikuwepo, umekaa kwenye mkeka wa mbele.

Mama yangu, dada yako Zubeda, neno lake karibu la mwisho lilikuwa hili: "Ukirudi Buyenzi, usipite mbele ya nyumba ya Mugisho." Na kaka yake anakunywa uji wake.

Nilipanga kuja Agosti na watoto. Sitakuja maadamu bakuli lile linaingia nyumbani kwako. Chagua.

Fadhila

*

Bujumbura
6 Mei 2024

Fadhila,

Idi imepita na kitambaa cha kanzu ulichotuma kimefika. Fundi amenipima akasema nimepungua, kitabaki kipande cha kumshonea Assia kitu. Mvua ilikuwa kubwa mwaka huu, watu wa Kibenga wa karibu na ziwa walitoa magodoro nje kwa mitumbwi. Consolate amenieleza hatimaye maana ya kile kishimo mguuni. Moyo umechoka kusukuma. Ana adabu, hakunitajia idadi ya miezi.

Unaniamuru nichague, kwa sauti ya mama yako kabisa. Sijawahi kuchaguliwa chakula na mtoto niliyemfundisha kushika kalamu.

Na kwa kuwa umenikumbusha mambo ya 1995, mimi nami nikukumbushe yaliyofuata, maana wewe na mama yako mlikwenda Kampala na hamkuyaona. Baada ya matanga hakuna mtu aliyempelekea Mugisho gari tena. Alifungua gereji asubuhi, akakaa juu ya tairi mpaka jioni, akafunga. Salamu zake hazikujibiwa. Watoto wake waliimbiwa njiani "wana wa muuzaji" mpaka wakaacha shule. Akaenda Kajaga kuanika ndagala, samaki wadogo wa ziwani, yeye ambaye mikono yake ilijua kila sauti ya injini. Miaka ishirini na zaidi anaishi hivyo, na siku moja mkewe anavuka barabara kumletea uji kaka wa mjane wa Radjabu. Wewe ungemrudisha mlangoni?

Aya hii nimeianza mara tatu.

Mugisho hakumuuza baba yako. Hilo nalijua. Usiniulize nimelijuaje. Nina miaka themanini na mitatu, na nadhani nina haki ya kutoulizwa.

Massoudi

*

Kampala
29 Mei 2024

Mjomba,

Sote wazima, Assia ameota jino moja.

Haki hiyo huna. Ukiwa unajua kwamba Mugisho hakumuuza, basi unajua ni nani. Ikiwa unajua ni nani, umelijua tangu lini? Mama alikuwa bado hai? Nimeuliza maswali mawili, na wewe ulitufundisha kwamba swali linajibiwa kwa sentensi kamili.

Moubarak ameahidi kukusubiri mlangoni mpaka umpe jibu.

Fadhila

*

Bujumbura
20 Juni 2024

Fadhila mwanangu,

Assalaam alaykum. Nyama ya Idi imeletwa na majirani watano na sina meno ya kuitafuna, nimeigawa. Moubarak amekaa kwenye kibao nje, anakula embe, anasema hana haraka. Sina habari nyingine.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Usiifungue kabla hujamaliza kusoma. Mwandiko utaujua.

Hukuandika kuhusu mama. Uliandika kuhusu baba yako.

Siku zile mkuu wa shule yetu alizoea kusema mbele ya walimu wa Kifaransa kwamba Kiingereza cha Massoudi ni cha kuwafurahisha kasuku. Ikatangazwa siku ya wageni. Wangekuja wakubwa wa elimu, wazazi, na watu wengine ambao siku hizo walifuatana na wakubwa bila kuulizwa majina. Nikawapa kazi ile ya sentensi kumi. Daftari lako nililisahihisha Jumapili, na sikupata kosa hata moja. Hakuna s iliyopotea. Mtoto wa miaka kumi na mitatu. Nilisimama peke yangu nyumbani nikacheka kwa furaha.

Uliandika: *My father drives to Kajaga every Tuesday.* Kila Jumanne baba anaendesha gari kwenda Kajaga. Ukaandika kwamba anapita njia ya nyuma ya mashamba ya mpunga. Kwamba anatoka saa kumi na moja alfajiri. Kwamba anabeba makaa. Kwamba anarudi na magunia yaleyale. Kwamba mama haulizi.

Mimi nilijua kilichokuwa chini ya magunia. Usijaribu kunitafutia udhuru hapo. Nilijua, kwa sababu mwenyewe nilimpelekea Radjabu familia ya mwalimu mwenzangu, na aliifikisha salama. Lakini karatasi ile niliisoma kama mwalimu, sikuisoma kama shemeji. Niliona s kumi mahali pake. Nikaichana taratibu kutoka daftarini nikaibandika ukutani, katikati, kwa gundi ya unga wa muhogo, mahali ambapo mgeni akiingia macho yake yanaanzia.

Ilikuwa Ijumaa. Wageni walipita wakitazama. Mmoja, amevaa shati la mikono mifupi, alisimama mbele ya karatasi yako kuliko wengine. Akatoa kalamu akaandika kitu kwenye kiganja. Nilidhani ananakili mfano. Nilimsogelea, Mungu anisamehe, nikamwambia mwandishi ana miaka kumi na mitatu tu. Akaniambia: "Mwalimu, umefundisha vizuri." Nilirudi nyumbani nikiwa nimepaa.

Jumanne iliyofuata, Radjabu hakurudi.

Niliibandua karatasi kesho yake kabla ya wanafunzi kuingia. Siku ya tatu ya matanga karatasi ilikuwa ndani ya mfuko wa kanzu yangu. Marehemu mzee Musafiri, aliyekuwa mkubwa wa avenyu, akanigeukia mbele ya watu wote: "Mwalimu, we ndiye mutu wa kusoma hapa. Ile njia, nani aliijua?" Watu wakanitazama. Mugisho alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, amelia mpaka macho yamevimba. Nami nikasema: "Zaidi ya Mugisho, nani?"

Nilijiambia sikusema uongo, niliuliza swali tu. Miaka ishirini na tisa nimeishi ndani ya swali hilo kama panya ndani ya ukuta. Watu walilijibu wenyewe, nami niliwaacha.

Kuna jambo moja baya zaidi. Walipoacha kumjibu salamu, mimi niliendelea kumjibu. Nilikuwa peke yangu. Yeye akadhani ni wema. Uji ule Marguerite anauleta kwa sababu hiyo. Amewahi kunieleza mwenyewe: mume wake hasahau kwamba Mwalimu hakumtupa.

Uliuliza kama mama yako alikuwa hai. Alikuwa hai. Nilikuwa na miaka ishirini na minne ya kumwambia.

Na wewe usithubutu kuchukua hata chembe ya lawama hii. Uliagizwa kusema kweli na mtu uliyemwamini, ukasema. Nilikuwa nikijiambia kwamba nanyamaza ili nikulinde, usije ukajua ni mwandiko wa nani. Hiyo nayo ni takataka. Nilijificha nyuma ya mtoto.

Sasa umejua kwa nini nataka ufundishe ng'ombe.

Massoudi

*

Kampala
1 Septemba 2024

Mwalimu Massoudi,

Watoto ni wazima. Wanauliza kwa nini Agosti imepita bila safari.

Moubarak alinifikishia bahasha mwezi wa saba. Karatasi nilikaa nayo siku tisa bila kuifungua. Nilipoifungua nilimkumbuka baba akiwa ameinama juu ya bega langu, mikono inanuka makaa, akiniuliza naandika nini, nami nikimwambia ni Kiingereza tu, baba. Akacheka akasema: "Andika, mama, andika vizuri." Hilo lilikuwa limenitoka kabisa. Umenirudishia, na sijui kama nikushukuru au nikulaani.

Sijakusamehe. Usiipekue barua hii kutafuta msamaha katikati ya mistari, haumo. Mama yangu alikufa na chuki isiyo yake. Mimi nimeilea yangu kama mtoto wa tatu, nikaifundisha Anouar. Kila ulipokunywa uji ule ulikuwa unakunywa mara mbili, wake na wetu.

Unanionya kuhusu ng'ombe. Umekuja na onyo hilo ukiwa umechelewa miaka ishirini na tisa, na bado hujaelewa ulikosea wapi. Mtoto kusema kweli hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa ukuta. Katika kitabu changu somo litabaki. Mtoto ataandika, atanisomea akitaka, kisha atarudi na karatasi yake nyumbani, na hakuna mgeni atakayeburudisha macho kwa maisha ya watu. Jina lako halitakuwemo, na si kwa sababu ulinikataza.

Nina agizo moja. Neno lile ulilisema mbele ya watu, ukalifute mbele ya watu. Usimnong'oneze Mugisho kitandani pako, ukampa mgonjwa wa kuhurumiwa. Nenda Ijumaa, watu wakitoka msikitini, naye awepo.

Na uniandikie sentensi kumi za kweli kuhusu mtu mmoja wa nyumba yako. Usiniletee ng'ombe.

Fadhila binti Radjabu

*

Bujumbura
23 Septemba 2024

Fadhila,

Assalaam alaykum. Nimefurahi kwamba watoto ni wazima. Consolate anakuja kila siku sasa, nalala nimeegemea mito mitatu kwa sababu nikilala chali pumzi inakatika. Hii naiandika kwa vipande.

Kazi uliyonipa ni hii. Massoudi huamka kabla ya adhana. Hulala macho akisikiliza kama mlango wa ng'ambo umefunguliwa. Mugisho hutoka wa kwanza na humsalimia kutoka barabarani. Massoudi humjibu. Marguerite huleta uji katika bakuli la buluu lililofunikwa kwa sahani. Massoudi hunywa wote, hata Jumanne, ingawa Jumanne humkaba. Husema asante. Hasemi lingine. Usiku hupapasa chini ya godoro upande wa ukutani, mahali karatasi ilipokaa. Kila siku hujiambia kesho.

Ni kumi. Nimezihesabu. Zote zilikuwa za kweli mpaka Ijumaa.

Ijumaa Moubarak na kijana wa fundi wa kanzu walinibeba na kiti changu mpaka uani kwa msikiti. Nilikuwa nimemwomba Mugisho aje, naye alikuja, akasimama nje ya lango na kofia mkononi kama kawaida yake, maana yeye ni Mkristo na hapendi kusumbua. Watu walitoka wakavaa viatu. Nikawaambia wasubiri. Mtoto wa marehemu Musafiri alikuwepo, sasa naye ana mvi. Nilisema yote: ukuta, karatasi, mtu wa kiganja, swali langu la matangani. Jina lako sikulitaja. Nilisema ni mwanafunzi. Sauti ilinitoka vizuri, miaka arobaini ya darasani haipotei.

Mugisho akasema, bila kupandisha sauti: "Mwalimu, mi nimekuombea kila siku. Kwa jina. Sasa zile sala nizipeleke wapi?"

Akavaa kofia akaenda. Mtoto wa Musafiri alivaa kiatu kimoja akamfuata mbio na kingine mkononi, na nyuma yake wakatoka wengine, wawili, kisha watano, kisha sikuweza kuhesabu. Nasikia walimfikisha mpaka mlangoni, na mwenye lori la matofali akamuuliza kama bado anasikiliza injini. Mimi nilibaki uani na kiti changu, mpaka Moubarak alipokumbuka.

Jumamosi uji haukuja, Jumapili pia. Leo asubuhi amekuja Benite, mjukuu wao, amesimama mlangoni. Akasema: "Babu amesema bakuli irudi." Hakunisalimia. Nilikuwa nimeshaliosha, kwa mikono yangu, nimelifunika kwa sahani yake. Akalichukua akavuka barabara nalo. Nililia kidogo baada ya hapo, lakini usinihurumie, nilichukia tu kwamba nilikuwa nimelizoea.

Consolate amenipa chai. Anatosha.

Sitakuomba uje, na sitakuomba lile ulilosema halimo. Lakini ukija na watoto, usianzie kwangu. Anzia ng'ambo. Mlango wao ni wa kijani, hufunguliwa alfajiri, na Marguerite atakuwa jikoni. Mfundishe Anouar kusalimia kwa mikono miwili. Kaeni mpaka mtakaporuhusiwa kuondoka, mle mtakachopewa.

Kama baada ya hapo miguu yenu bado ina nguvu, mlango wangu uko wazi, hata kama ndani hamna mtu wa kuitika.

Massoudi